Tambi Ndani ya Cherehani

Mjomba wangu hushona yunifomu za shule pale Uhuru Market, Jogoo Road. Kwake Januari ndiyo Krismasi na Desemba ndiyo mateso. Desemba moja alinunua cherehani ya mtumba, ile nzito ya kiwandani, iliyotengenezwa Taiwan, na ndani ya droo ya meza yake kulikuwa na kijitabu cha maelezo. Chote Kichina. Hakuna neno la Kizungu hata moja. Siku ya pili uzi ukaanza kukatika kila baada ya mishono michache. Akanipigia simu.

"Mama, si wewe ndiye wa Kichina? Kuja basi."

Yeye ndiye aliyenilipia karo ya darasa la jioni la Kichina kwa miaka miwili, kwa hiyo kukataa hakukuwepo. Nikapanda matatu nikaenda. Mafundi wanne walikuwa wamesimama kuizunguka ile mashine kama watu waliofika kuona mgonjwa. Nikafungua kijitabu kwenye ukurasa uliokuwa na mchoro wa uzi, na sentensi ya kwanza ilikuwa hii: 調整面線張力.

Herufi sita. Nilizitambua tatu: 整, 面 na 力. Zile nyingine tatu pia nilikuwa nazijua, ila sikujua kwamba nazijua, kwa sababu darasani tulifundishwa kuziandika 调, 线 na 张. Ni kama kukutana na mwalimu mkuu wako sokoni amevaa kaptura. Unamwangalia, unampita.

Nikatoa simu na kuanza kuzichora herufi moja moja kwa kidole ndani ya programu ya kamusi. Nilikuwa nimeiweka ionyeshe herufi zilizorahisishwa peke yake, jinsi nilivyoipanga siku ya kwanza ya darasa na kuisahau. Basi nilipofika katikati ya sentensi ikanirudishia 面线, na chini yake maelezo: tambi nyembamba za ngano.

Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini mafundi wanne wananitazama, mjomba ananitazama, miaka miwili ya karo inanitazama. Nikasema, "Inasema urekebishe mkazo wa tambi."

Sitawaeleza kicheko kile. Hadi leo kuna fundi pale sokoni ananiita Tambi, na anaiita kwa upendo, ndiyo mbaya zaidi. Kwa kuficha aibu nikaongeza kwamba pengine tatizo liko chini, upande wa bobini. Wakaamini. Wakashughulika na bobini siku mbili nzima, mashine imekaa wazi kama mdomo wa mtu kwa daktari wa meno, na mjomba akalazimika kumpa jirani sehemu ya oda ya sketi ili shule isimkimbie. Pesa hiyo ilimtoka yeye. Hakunisema. Alinunua chai, akanipa kikombe, akaongea mambo ya mpira.

Usiku wa pili nilikaa kitandani nikafungua ukurasa wa mipangilio wa ile kamusi, ukurasa ambao sikuwahi kuusoma. Kulikuwa na maswali machache yenye swichi pembeni. Herufi zilizorahisishwa, za jadi, au zote mbili? Matamshi kwa pinyin au kwa zhuyin? Toni ziwe na rangi? Fonti ipi, ukubwa gani? Nikabonyeza "zote mbili" kisha nikarudi kwa tambi zangu. Sasa skrini ilionyesha 面线, na pembeni yake, katika mabano, 麵線.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tambi kwa herufi za jadi zina 麵, ambayo upande wake wa kushoto ni ngano, 麥. Kijitabu cha mjomba hakikuwa na ngano. Kilikuwa na 面 tupu, neno la zamani sana lenye maana ya uso, upande wa juu wa kitu. Uzi wa uso. Yaani uzi wa juu, ule wa sindano! Na kurasa mbili mbele kulikuwa na 底線, uzi wa chini. Mtu yeyote wa Taiwan angeona tofauti bila kufikiri. Mimi nilikuwa nimejifunza mwandiko ambao uso na tambi zimewekwa ndani ya herufi moja, 面, kwa sababu ina mistari 9 na ile nyingine ina 20.

Asubuhi yake fundi alilegeza kidogo ile skrubu ya uzi wa juu na mashine ikashona hadi jioni. Mimi nilirudi nyumbani na swali: nani aliamua?

Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni "Mao", halafu mazungumzo yanaishia hapo. Si uongo kabisa, ila linaruka mengi. Kwanza, herufi nyingi zilizorahisishwa hazikubuniwa ofisini. Zilikuwa tayari kwenye mwandiko wa haraka wa wafanyabiashara, wanafunzi na waandishi wa barua kwa karne nyingi, kama vile sisi tunavyoandika "ww" kwenye simu na kila mtu anaelewa. Nyingine ni za kale kuliko hizo zinazoitwa za jadi. Wingu kwa jadi ni 雲, na lililorahisishwa ni 云. Lakini 云 ndilo lililotangulia, na ile alama ya mvua juu yake iliongezwa baadaye. Kwa hiyo mtu anayelia kwamba wingu limenyang'anywa mvua analilia nyongeza.

Pili, waliojaribu kwanza kuzirahisisha kwa sheria ni mahasimu wa Mao. Mwaka 1935 serikali ya Kuomintang ilitoa orodha ya herufi 324 zilizorahisishwa. Mapema 1936 ikaiondoa, baada ya upinzani mkali wa wahafidhina ndani ya chama chenyewe. Miaka kumi na mitatu baadaye chama hicho kikashindwa vita, kikahamia Taiwan, na huko kikageuka kuwa mlinzi wa herufi za jadi. Mimi hiyo nimeisoma mara tatu nikihakikisha sijakosea. Laiti ile orodha ingesimama, huenda kijitabu cha mjomba kingekuwa na herufi za darasani kwangu.

Watu waliotaka mageuzi hawakuwa wajinga wala hawakuchukia utamaduni wao. China ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imepigwa na Japani, imegawanywa na wakoloni, na raia wake wengi hawakujua kusoma. Wasomi wakubwa walitazama zile herufi wakaona ndilo tatizo. Qian Xuantong, mtaalamu wa lugha, alitaka zifutwe kabisa. Lu Xun, mwandishi ambaye hadithi zake husomwa shuleni huko mpaka leo, naye alikuwa upande wa kuandika kwa alfabeti. Fikiria mwandishi anayeomba kalamu yake mwenyewe ivunjwe. Ilikuwa hofu ya kweli kwamba taifa lisilosoma litamezwa.

Basi mwaka 1956 serikali mpya ya Beijing ikatangaza mpango wa kurahisisha, na mwaka 1964 ikatoa orodha kamili ya herufi zaidi ya 2,200. Baadhi zilipunguzwa mistari tu: 線 ya mistari 15 ikawa 线 ya mistari 8. Nyingine ziliunganishwa, na hapo ndipo kilio kilipo. 發, kutoa au kufyatua, na 髮, nywele, zote zikawa 发. 後, nyuma, ikaingizwa ndani ya 后, malkia. Na tambi zikaingia usoni.

Kabla hujawacheka, tuangalie kwetu. Mtu wa Mvita hutamka paa la nyumba tofauti na paa yule mnyama. La mnyama lina pumzi, p'aa, na sikio la Kimvita halikosei. Lakini mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ikaundwa 1930 ya kusimamia vitabu, na katika tahajia tuliyorithi ile pumzi haina alama. Mimi nilikulia Nairobi, sikujua kama kuna mapaa mawili hadi mwanafunzi mwenzangu wa kutoka Old Town aliponicheka. Tena hiyo ni tahajia ya alfabeti ya Kilatini. Kabla yake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka, na mashairi ya Muyaka wa Mombasa yasingesomeka kwa wengi wetu leo kama Mwalimu Sikujua hangekaa na mmishonari William Taylor kuyakusanya na kuyaeleza. Kwa hiyo najua kidogo hisia ya kuwa mjukuu wa uamuzi ambao hukuulizwa.

Kuna aliyeulizwa, akajibu, na jibu lake likamgharimu. Chen Mengjia alikuwa mshairi kijana aliyesifika, kisha akaacha mashairi akaingia kusoma mifupa ya kutabiria, ile mifupa na magamba ya kobe yenye maandishi ya zaidi ya miaka 3,000. Katika miaka ya 1940 alizunguka Marekani akiorodhesha vyombo vya shaba vya China vilivyotawanyika kwenye majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri. Angeweza kubaki huko. Akarudi. Mwaka 1957, katika majuma ambayo chama kilikuwa kimewaambia wasomi waseme walicho nacho moyoni, yeye alisema serikali isikimbilie kubadilisha herufi. Hakuitukana. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuangalia herufi zikizaliwa, akasema twende polepole.

Mwaka huohuo upepo ukageuka. Akapewa jina la mpinga-mapinduzi wa mrengo wa kulia, na tangu hapo kila kitu kikawa kigumu. Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza na vijana wakawa wanawafedhehesha wasomi hadharani, alijiua. Mke wake, Zhao Luorui, aliugua akili kwa mateso ya miaka ile, lakini aliishi, akaendelea na kazi, na ndiye aliyetafsiri kwa Kichina mashairi ya Walt Whitman.

Nilisoma habari za Chen nikiwa bado nimeshika simu kwenye ule ukurasa wa mipangilio. Swichi ile ile ambayo mimi naigusa kwa kidole nikiwa nimelala.

Kwa hiyo ungetegemea niwe upande wa jadi sasa, si ndiyo? Hapana. Mtoto anayejifunza kuandika kijijini, kalamu moja, daftari moja, mistari 8 dhidi ya 15 si mzaha. Na serikali yenyewe iligundua mpaka ulipo. Desemba 1977 ilitangaza awamu ya pili, herufi zilizopunguzwa zaidi, nyingine zimebaki kama mifupa. Watu hawakuzipenda, zikafutwa rasmi 1986. Ninachodai ni kidogo: anayenifundisha herufi anaweza kuniambia siku ya kwanza kwamba kuna seti mbili, na kwamba Taiwan na Hong Kong watu husoma ile nyingine kila siku kwenye magazeti, menyu na, naam, vijitabu vya cherehani.

Swichi ya matamshi ina hadithi ya ugomvi wa aina nyingine. Mwaka 1913 wajumbe kutoka kila pembe ya China walikutana Beijing kupiga kura juu ya matamshi ya herufi zaidi ya 6,500, kila mkoa kura moja. Kaskazini na kusini hawakuelewana hata kwenye mambo madogo. Husimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa kusini, Wang Rongbao, alikuwa akiongea kwa lahaja yake kuhusu riksho, na Wang Zhao wa kaskazini akasikia tusi. Akakunja mikono ya kanzu akamkimbiza atoke ukumbini. Mkutano wa kuunganisha matamshi! Uliacha, hata hivyo, zile alama zilizokuja kuwa zhuyin, ㄅㄆㄇㄈ, zilizotangazwa rasmi 1918. Watoto wa Taiwan bado huanza kusoma kwa alama hizo. Niliwasha swichi hiyo wiki moja, nikaizima. Ni nzuri, zinakaa kama vidole vidogo, lakini ubongo wangu una nafasi yake.

Pinyin, ambayo ndiyo wengi wetu huanzia, ilikuja baadaye, na mtu anayeitwa baba yake hakuwa mwanaisimu wa kazi. Zhou Youguang alikuwa mwanauchumi aliyefanya kazi ya benki New York, akarudi nyumbani 1949 kufundisha Shanghai. Lugha ilikuwa hobi yake. Mwaka 1955 aliitwa Beijing kwa mkutano wa lugha, akaambiwa abaki. Kubaki huko kulimwokoa, kwa sababu miaka miwili baadaye wanauchumi wa Shanghai walikuwa miongoni mwa walioangukiwa na msako uleule uliompata Chen. Tarehe 11 Februari 1958 bunge likaidhinisha pinyin. Hiyo ndiyo sababu babu zetu walisoma magazetini Mao Tse-tung na sisi tunasoma Mao Zedong. Katika Mapinduzi ya Utamaduni Zhou naye alipelekwa Ningxia kulima. Akarudi, akaandika vitabu, akaikosoa serikali akiwa mzee sana, na alifariki Januari 2017, siku moja baada ya kutimiza miaka 111.

Anayejua Kiswahili atajikwaa kwenye pinyin mara ya kwanza, maana sisi tumezoea herufi isiyodanganya. Q pale ni kama ch yenye pumzi, x ni sh ya mdomo uliotabasamu. Ukishazoea inakwenda.

Toni ndizo zenye rangi, na hapa sina historia ndefu, ila kipande kimoja nakipenda. Mwaka 1928 kulikuwa na mfumo rasmi, kazi ya Zhao Yuanren na wenzake, ambao toni haikuwekewa alama juu ya neno bali tahajia yenyewe ilibadilika kwa kila toni. Ulikuwa mgumu, ukafa. Umebaki kwenye ramani: mikoa miwili ya jirani, 山西 na 陕西, inaandikwa kwa pinyin isiyo na alama kwa namna moja, Shanxi na Shanxi, basi wa pili hukopa a mbili za mfumo ule na kuwa Shaanxi. Rangi zenyewe ni za juzi, enzi ya kompyuta, na kila kamusi ina zake. Ya kwangu toni ya pili ilikuwa kijani, ya rafiki yangu ilikuwa rangi ya chungwa, tukawa tunasahihishana makosa ambayo hayapo. Nimezizima.

Swali la fonti nilidhani ni urembo. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumo wa Unicode ulipotafuta nafasi ya herufi za China, Japani na Korea kwa pamoja, zaidi ya 20,000, iliamuliwa kwamba herufi moja yenye maumbo tofauti kidogo kwa kila nchi ipewe namba moja. Mfupa, 骨, una kikona kidogo ndani: Beijing kinaelekea kushoto, Taipei kulia. Namba ni ileile, fonti ndiyo inaamua. Chagua fonti isiyo ya kwako na simu itakuandikia Kichina kwa lafudhi ya Japani, na hutajua kwa nini mwalimu anakunja uso.

Sasa hivi kamusi yangu inaonyesha jadi kwanza, iliyorahisishwa pembeni, pinyin chini, herufi kubwa kiasi kwamba anayeketi nyuma yangu kwenye matatu husoma nami. Siku ya kuipanga hivyo nililijaribu neno twiga. Jadi ni 長頸鹿, iliyorahisishwa 长颈鹿, kulungu wa shingo ndefu. Urefu ulibadilika, shingo ikabadilika, kulungu akabaki vilevile. Mwaka 1415 twiga mmoja alifikishwa kwa mfalme wa China kutoka mahali walipoandika 麻林, ambapo wanahistoria wengi wanasema ni Malindi yetu, na wale waliompokea hawakutumia neno hili kabisa. Walimwita qilin, mnyama wa hadithi zao.

Mjomba naye alitaka kitu kimoja. Alikata vipande viwili vya selotepu ya karatasi, akanipa kalamu ya wino mzito, akasema nimwandikie juu ya ile mashine uzi wa juu ni upi na wa chini ni upi, kama kwenye kitabu, ili siku akija fundi mwingine asimdanganye.

"Kwa Kiswahili, Mjomba?"

"Kwa Kichina. Si nililipa."

Nikaandika 面 kwenye kimoja na 底 kwenye kingine. Yule fundi wa Tambi akainama kuangalia, akaniuliza hizo ni zile za zamani au zile za siku hizi. Nikaangalia tena. Kwa herufi hizo mbili, ni zilezile.